Barafu Ikitoa Jasho

Mnanisumbua bure. Ruweyda mwenyewe ana vidole na ana simu, lakini ati ni mimi mama yake mdogo, niliyejifunza herufi kwenye masomo ya gumbaru nikiwa na wajukuu, ndiye niandike maisha yake. Haya. Nitaandika mara moja tu, na anayetaka kunisahihisha akae na kalamu yake.

Ruweyda ni muuguzi hapa Garissa. Siku tano kwa wiki anapeleka chanjo kwa watoto wa wafugaji, upande wa Balambala. Akirudi, usingizi unamchukua na kijiko mkononi. Muda wake wa kuandika ni mmoja tu, asubuhi, barafu ikitoa jasho.

Maana barafu ikitoka kwenye friza haiwekwi papo hapo na chanjo. Ni kali mno, itaigandisha na kuiharibu. Zile pakiti hupangwa mezani zilegee, mpaka ukiitikisa moja usikie maji yanacheza ndani. Nusu saa hivi. Wenzake hunywa chai. Ruweyda hufungua simu, akaingia kwenye blogu yake ya visima.

Visima ni vya baba yake, Dagane. Mzee alichunga ngamia toka Wajir mpaka mtoni hapa Garissa, na kila mahali aliponywesha palikuwa na jina. Sasa majina yanamtoka moja moja, kama ngamia waliofunguliwa kengele. Kila asubuhi hupiga simu.

"Aabo," humwambia binti, maana kwetu baba humwita mtoto vile anavyoitwa yeye mwenyewe, "leo nimekiona El Gaduda. Andika haraka, kinaondoka."

Naye huandika. Matone yanateremka kwenye pakiti, yanakutana mezani, yanakuwa kijito, na meza yenyewe haioni tena. Anaona maji mekundu, shingo ndefu zikiinama, wanaume ndani ya kisima wakipokezana ndoo na kuimba. Husikia hata harufu ya tope.

Asubuhi moja alizama huko kupita kiasi. Alipoinua macho, barafu yote ilikuwa maji matupu. Ikabidi itafutwe nyingine, ingojewe upya. Huko Balambala akina mama walikaa juani na watoto mpaka alasiri. Wengine wakajiondokea, mbuzi hawangoji.

Mkubwa wake ni Musyoka, mtu wa Kitui asiyejua kunong'ona.

"Sista, watoto au visima? Chagua!"

"Watoto, Daktari."

Akaifunga blogu. Wiki tatu nzima. Baba akipiga, jibu lilikuwa, "Kesho, aabo." Na hiyo kesho haikufika. Barafu ilitoa jasho lake mezani, na Ruweyda aliitazama tu, kama mtu anayetazama mlango uliofungwa.

Halafu asubuhi moja mzee akapiga, sauti imeshuka.

"Aabo, wewe ulizaliwa kisima gani? Mama yako amekaa kwenye kivuli cha ngamia, hiyo naiona. Jina silioni."

Ruweyda akafungua blogu, akarudi nyuma, nyuma, akasoma kwa sauti: "El Hagar. Upepo ulikuwa wa mashariki. Ngamia alikuwa yule mweupe, mwenye sikio lililokatika."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Huyo huyo! Na wewe ulilia kumshinda!"

Musyoka alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hakuomba msamaha, wakubwa hawajui. Alivuta kiti, akachukua pakiti moja ya barafu, akaitikisa sikioni.

"Bado," akasema. "Andika. Ikicheza nitakuita."

Mpaka leo ni hivyo. Ruweyda anaota, Musyoka anatikisa. "Sista, inacheza!" Naye anakata sentensi katikati, sanduku la chanjo linafungwa, gari linaondoka, na ile nusu ya maneno inamngoja mpaka kesho yake. Watoto wanachanjwa kabla jua halijapanda. Siku ambazo mzee hana jina jipya, husomewa la zamani, akashangaa kama ni la mtu mwingine.

Nimemaliza. Sasa wewe usiondoke hivi hivi. Babu yako au bibi yako alichota maji mahali fulani. Mpigie leo, kabla hujanywa chai, umuulize pale paliitwaje, ukamwandikie Ruweyda. Nami nitamuuliza kama umefanya.