Sheria Niliyoisoma Nusu

Mwaka wa tisini nilikuwa karani kwa wakili mmoja, na majivuno yalinijaa hadi utosini. Kila alasiri, nikitoka msikitini, nilikaa barazani kwetu Kibokoni na wazee wa mtaa. Walinipa cheo cha kejeli, "jaji", nami mjinga nikakipokea kwa mikono miwili.

Baraza ile i chini ya dirisha la mama. Hakushuka kukaa na wanaume, lakini halikumpita neno. Kahawa ikiiva aligonga dirisha mara mbili, nami nikapanda kuchukua sinia.

Kaka yangu alikuwa Kuwait, dereva kwa bwana mmoja wa huko. Jeshi la Iraki lilipovuka mpaka na kuiteka nchi ile, barua zake zilikatika. Mama akaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Mimi nikaanza kuhubiri sheria. Kila mtu na dawa yake.

Nilikuwa nimeazima kitabu cha tajiri wangu, yule wakili, juu ya sheria za mataifa. Wazee waliniuliza kama majeshi ya nchi nyingine yana haki ya kuingia kwa bunduki mahali si pao. Nikawaeleza kwamba nchi ni kama nyumba, haiingiwi bila hodi. Lakini mwizi akishaingia, na mwenye nyumba akapiga ukelele, jirani habishi hodi tena. Na mataifa yalikuwa yamekutana, yakapiga kura, mvamizi akapewa siku ya mwisho ya kutoka. Fundi cherehani mmoja, mtu mpole, hakuridhika. Akauliza, je, waliomo ndani ya nyumba hiyo? Watoto, na watumishi?

Nikamjibu kwa sauti ya mahakamani: "Sheria haiulizi nani yumo ndani. Yauliza ni nani aliyevunja mlango."

Wakacheka, wakanisifu. Fundi hakucheka. Nikangoja kahawa, dirisha lisigongwe.

Nilipopanda nilimkuta mama mkekani, sinia mbele yake, kahawa imepoa. Laiti angenitukana.

"Aliyemo ndani ni nduguyo," akasema. "Nawe umewapa ruhusa."

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna jenerali anayengoja ruhusa ya karani wa Kibokoni. Badala yake nikachukua sinia, nikashuka na kahawa baridi. Kisha ndege zikapiga, vita vikaisha, na vijana wawili wa mtaa wa pili wakarudi kutoka Kuwait na masanduku yao. Kaka hakurudi, wala hatukuletewa habari ya kaburi.

Ndipo nilipokimaliza kile kitabu. Nusu ya pili ilikuwa juu ya waliomo ndani. Hata mwenye haki ya kuingia, kilisema, hana haki ya kumlenga asiye na silaha. Lazima apambanue askari na dereva. Yote yaliandikwa. Mimi nilikomea pale paliponipa ushindi, na aibu ile ningali nayo.

Nikamsomea mama, nikimfasiria ukurasa kwa ukurasa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama kitabu chataja mwanawe alipo. Nikasema hakitaji.

Tuliishi hivyo miaka sita, watu wawili na salamu zao tu, mpaka naye akaenda zake kwa Mola. Upweke wa nyumba ile sikuujua hadi hapo. Siku hizi kahawa najipikia, nashuka nayo barazani peke yangu. Na wallahi, kabla sijanywa, hutega sikio dirishani.