Girisi ya Kuagana

Fundi wa nyuma ya soko la Mitaboni hamuulizi mwenye gari kitu, huiuliza girisi. Hulala chali chini ya gari, akachovya kidole, akainusa kama mpishi anayenusa supu, kisha akaguna. Mguno huo humkata maini Wavinya, mwenye gari kuukuu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Leo propela yake, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu, imetapakaa girisi, na kesho anapeleka keki ya harusi ya mdogo wake huko Katangi.

"Itafika?"

Fundi anajisogeza zaidi chini ya gari. Anaipangusa propela kwa kitambaa kilichowahi kuwa shati lake la kanisani, anafuata michirizi mpaka inapoanzia, anaguna tena, anatoka akitikisa kichwa.

"Aiya, mama! Hakuna kitu imepasuka. Kuna mtu anajaza hii kitu girisi mpaka inatapika. Huyo mtu umwambie aachane na gari yako."

"Si ni wewe, fundi! Kila nikija unaniongezea, unasema ni ya kuagana."

Fundi anatazama viganja vyake, kimoja halafu kingine, kana kwamba anatafuta kilichomsaliti.

"Basi enda tu," anasema kwa upole. "Keki itafika."

Wavinya anapanda. Kabla hajawasha gari, anachungulia kwenye kioo cha pembeni. Fundi ameshapiga magoti kando ya gurudumu, bomba la girisi mkononi.

"Kidogo tu, mama. Hii ni ya harusi."