Plasta Nyuma ya Simu

Annet alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Bweyale, Uganda. Aliporudi Juba alifungua meza ya kuchaji simu katika mtaa wa Hai Cinema: paneli mbili za sola juu ya bati, betri moja, na waya zilizosokotana kama mizizi. Kwa kuwa simu nyingi zilifanana, kila mteja alibandika plasta nyuma ya yake, akaandika jina, na chini ya jina namba ya siri ya kuifungulia. "Ikilia, pokea," walimwambia, wakaenda zao. Annet alijivunia kwamba hakuna mteja wake aliyewahi kukosa habari ya msiba kwa sababu simu ilikuwa mezani.

Jumanne moja ililia simu ya Nyandeng, muuza chai aliyesimamia kundi la WhatsApp la akina mama wa kanisa.

"Dada, mimi kaka yake Nyandeng," sauti ya mwanamume ilisema. "Kuna ujumbe umeingia, una namba sita. Nisomee haraka!"

Ujumbe ulikuwepo kweli. Annet alikwisha kufungua mdomo alipoyaona maneno yaliyofuata zile namba: usimpe mtu yeyote. Akaufunga.

"Wewe kaka yupi?"

"Mkubwa. Ni yeye kanituma, iko hapa na mimi."

Annet akainua macho. Ng'ambo ya barabara, Nyandeng alikuwa akimwaga makapi ya chai mtaroni.

"Vizuri. Mpe simu niongee naye."

Simu ikakatwa.

"Mama Thiik! Njoo!" Annet akamwita Nyandeng kwa jina la mwanawe.

Nyandeng alivuka barabara huku akifuta mikono kwa khanga, na aliposikia habari akawaka. "Kaka yangu anapiga, wewe unamnyima? Annet, wewe iko sawa kweli?"

"Alisema ni kaka yako mkubwa, mama."

Nyandeng akaacha kufuta mikono. "Mkubwa? Kwetu mkubwa ni mimi."

"Namba hizo ndizo ufunguo wa WhatsApp yako. Ningemsomea, saa hii angekuwa anawaandikia akina mama mia mbili kwa jina lako, anawaomba chochote. Nani angekukatalia wewe?"

Nyandeng akaketi juu ya jerikani. Jina lile alikuwa amelijenga kwa miaka tisa, kwa misiba na arusi za watu. "Ya Rabi," alisema taratibu. Kisha akaichukua simu yake, akabandua plasta kwa ukucha, akaikunjakunja na kuitia mfukoni.

Kufikia jioni Annet alikuwa amebandua plasta zote, akaweka vibandiko vyenye jina tu.

"Sasa utapokeaje simu yangu?" aliuliza Job, mwendesha bodaboda.

"Sipokei tena. Nachaji tu."

"Kazi imepungua nusu, basi na bei ipungue nusu!"

"Bei iko palepale, kaka Job," Annet alicheka, akichomeka waya. "Zamani ulilipia mdomo wangu ufunguke. Leo unalipia ufungwe."