Mfalme Asiyeshikwa Mkono

Siku moja ya baridi, mwanangu, naikumbuka kwa kicheko na kwa haya kidogo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nasomea uchoraji hapa Birmingham, msichana wa miaka ishirini anayejiona anajua kila kitu.

Mwalimu wetu alitufundisha jinsi wafalme wa Ulaya walivyochorwa wakikata roho. Mchoraji wa ikulu aliitwa mapema, ili watu waone kwamba mfalme kafa kwa heshima na mrithi yupo pembeni. Akatutaka kila mmoja achore picha ya namna hiyo kwa mtihani. Mimi nilikuwa nimeshafeli mmoja. Nikifeli wa pili, nafukuzwa.

Wiki hiyohiyo shangazi yangu, Bi Zuhura, akashikwa na kifua vibaya nyumbani kwake, mtaa wa Lozells. Mungu anisamehe, nilipopata habari nilifurahi. Nilipanda basi na karatasi zangu na makaa ya kuchorea, hata chungwa la mgonjwa sikununua. Nilipofika nikampangia mito, kisha nikamsimamisha mumewe, Mzee Salim, miguuni pa kitanda, kofia kifuani, awe mwana wa mfalme. Maskini alisimama wima, hathubutu hata kupiga chafya.

Shangazi akafumbua jicho moja.

"Salim, mbona umesimama hivyo? Nimeshakufa?"

"Sijui, mke wangu. Huyu kaniambia nisitikisike."

Nikamwonyesha kitabu changu cha darasani, chenye picha ya mfalme akikata roho, nikamweleza habari zake. Alikitazama kwa muda mrefu, pumzi zikimkwaruza.

"Watu wote hawa chumbani," akasema, "na hapana hata mmoja aliyemshika mkono. Wote wanamtazama mchoraji. Masikini mfalme! Weka makaa yako, mwanangu, njoo unisugue mgongo."

Aibu niliyoipata siwezi kukuelezea. Nikanawa mikono, nikamsugua kwa mafuta ya karafuu, nikampikia uji wa pilipili manga, na kwa siku nne sikugusa karatasi. Siku ya tano akaomba wanja na kanga yake mpya. "Haya, sasa nichore." Nikamchora anacheka, kikombe cha uji mkono mmoja, Mzee Salim kaushika wa pili. Mwalimu alisema mfalme wangu ana afya mno, lakini alicheka, akanipitisha.

Shangazi aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, akinitania kila Idi: "Mchoraji wa ikulu kaja, nifumbe macho?" Siku yake ilipofika kweli, sikuwa na karatasi. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu, bado una joto.

Mwanangu, nakuona na hiyo simu yako, unavyoiinua kila tunapomtembelea mgonjwa. Sikukatazi picha, nazipenda kuliko unavyozipenda wewe. Lakini kwanza shika mkono, pika uji, uliza panauma wapi. Ukimaliza, omba ruhusa, umpige picha akiwa anacheka. Mungu akupe watu wa kuwashika mkono, na siku yako, iwe mbali sana, nawe ushikwe na unaowapenda.