Jirani wa Pili wa Kisima cha Mikorosho

Watu walipoanza kurudi Palma baada ya vita, mradi mmoja wa maji ulichimba visima vipya vijijini, na mimi nikapewa kazi ya kufunga vipimo. Kila kimoja kilikuwa kifaa kidogo, kama kopo la dagaa, chenye betri mbili na redio isiyo na nguvu. Kilikaa juu ya kisima kikipima maji yamebaki kiasi gani. Simu huku zinashika na kuachia, kwa hiyo kifaa hakikutegemea simu. Kililala, kikaamka kwa kitambo kidogo, kikampa jirani yake, yaani kifaa kilicho karibu, habari, kisha kikalala tena. Jirani naye alimpa mwenzake, hivyo hivyo mpaka habari ikafika kwenye kompyuta ya kituo cha afya.

Kijijini kwetu nilifunga vifaa tisa. Mhandisi wa mradi, mwanamke aliyekaa Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, alinitumia kurasa za Kireno zenye masharti ya njia za habari hizo. Mpaka leo nayakumbuka. Habari ya hatari itangulie habari ya kawaida. Betri moja isibebeshwe mzigo wa wote. Na lile alilolipigia mstari mara mbili: kila kifaa kiwe na majirani wawili kinaowasikia vizuri, ili mmoja akifa habari itafute njia nyingine yenyewe.

Kisima cha mikorosho ndicho kilichokuwa na pampu ya kusukuma maji hadi kwenye tangi la kituo cha afya. Jirani yake wa kwanza nilimweka juu ya paa la shule. Kumtafuta wa pili nilizunguka asubuhi nzima na kipimo cha nguvu ya redio mkononi. Minazi inazuia, mteremko unazuia. Sehemu moja tu ilinipa namba nzuri, nayo ni kile kilima nyuma ya msikiti. Pale juu kuna nyumba moja, na ile nyumba ni ya kaka yangu.

Tulikuwa hatusemezani. Mwaka ule wa kukimbia, mimi nilikuwa Pemba masomoni. Kaka ndiye aliyemchukua mama, wakatembea kupitia Nhica hadi mto Rovuma, wakavuka. Mama alifika ng'ambo akiwa hoi, na wiki haikuisha akafariki. Kaka aliponipigia kunipa habari, nilimwambia, "Umemtembeza mpaka umemuua. Sitaki kukusikia tena." Nilisema hivyo nikiwa nimekaa chini ya feni. Yeye alikuwa ametoka kuchimba kaburi.

Baada ya kurudi tulipeana mikono msikitini kwa sababu watu wanatazama, basi.

Mara tatu nilisimama njiani chini ya nyumba yake na kipimo changu, na mara zote tatu nikageuka. Mwishoni nilikumbuka kifaa cha kisima cha pwani. Wakati ule mikorosho ilikuwa imetoka kupogolewa, matawi yako chini, na vile vifaa viwili vilisikiana kwa mbali. Kwa mbali sana. Namba ilikuwa chini ya ile iliyotakiwa. Nikakijaza kwenye fomu ya mhandisi kama jirani wa pili, namba nikaipandisha kidogo, nikatia sahihi.

Pampu ile ilikuwa na msimamizi wake, mama mmoja mjane wa makamo aliyekuwa anaishi nyuma ya kituo cha afya. Kila alfajiri baada ya kuswali alikwenda kisimani, akaizima pampu maji yakipungua, akaiwasha yakijaa. Nilimkuta siku ya kufunga kifaa.

"Sasa mama, huna haja ya kwenda tena kila siku," nilimwambia. "Maji yakipungua, kompyuta itapiga kelele kituoni, muuguzi atakuita. Wewe kaa nyumbani."

"Na isipopiga kelele?"

"Itapiga. Ndiyo kazi yake."

Alikitazama kile kikopo, akanitazama mimi. "Haya mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Mvua zikanyesha. Mikorosho ikachipua, matawi yakafunga, na vile vifaa viwili havikusikiana tena. Kuanzia hapo habari zote za kisima kile, na za vingine viwili nyuma yake, zikapita kwenye kifaa cha shule peke yake. Betri iliyopaswa kudumu zaidi ya mwaka ikaisha kiangazi kilipoanza. Na kompyuta, kwa jinsi ilivyopangwa, iliendelea kuonyesha kipimo cha mwisho ilichopokea, kwa rangi ya kijani: maji yapo.

Hayakuwapo. Pampu ilizunguka kavu siku mbili mpaka ikaungua. Siku ya tatu tangi likakauka, na ndugu wa wanawake waliokuja kujifungua wakawa wanabeba ndoo kutoka kisima cha pwani, maji ya chumvi chumvi, wake zao na dada zao wakiwasubiri kitandani. Nilikutana na mzee mmoja kachoka, ndoo imemwagika nusu. Aliniuliza kama pampu itatengenezwa leo. Nikamjibu kwamba inshallah.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimekwisha kupanda juu ya paa la shule. Nilifungua kifaa nikapima betri. Sifuri. Sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Kamati ya maji ilikutana mchana ule ule darasani. Mwenyekiti alimgeukia yule mama. "Pampu imezunguka kavu siku mbili, wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Niliambiwa nikae nyumbani, nitaitwa."

"Nani kakwambia?"

Hakunitaja. Alinitazama tu, na wote wakafuata macho yake. Ulikuwa wakati wa kusema. Sentensi moja ingetosha.

"Bado nachunguza," nikasema.

Wakamvua usimamizi pale pale. Aliweka ufunguo wa banda la pampu juu ya dawati, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka.

Nilikaa na jambo hilo siku kumi. Nilibadilisha betri ya shule, lakini nilijua itakufa tena vilevile. Siku ya kumi na moja, baada ya alasiri, nikapanda kilimani. Kaka alikuwa uani anafungua mabunda ya sabuni aliyoyaleta kutoka Mtwara.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, kuanzia fomu hadi darasani. Alisikiliza bila kuacha kazi. Nilipomaliza nikamwomba ruhusa ya kuweka kifaa juu ya bati lake.

"Mti upo," akasema, akaelekeza kidevu nyuma ya nyumba.

Ulikuwa umeegemezwa ukutani, mti wa mkoko ulionyooka, umekwisha kumenywa magome, umekauka hadi rangi ya majivu.

"Nilikuona umesimama pale njiani na mashine yako," alisema. "Mara tatu. Nikajua unatafuta pa juu. Nikaukata. Nikasema, kesho atapanda."

"Kwa nini hukuniita?"

"Si ulisema hutaki kunisikia?"

Nikaanza kusema kuhusu mama. Akanizuia kwa mkono. "Si leo. Shika huku, tuusimamishe."

Tuliusimamisha pamoja, kifaa kikiwa nchani. Namba ilitoka nzuri kama ile ya siku ya kwanza. Kazi yote haikuchukua hata saa moja.

Kesho yake nilikwenda kwenye kamati nikasema nilichofanya. Mwenyekiti akatoa ufunguo, akanipa niupeleke mwenyewe. Yule mama nilimkuta barazani ameloweka ukindu wa mkeka. Nilimwomba radhi, nikamwekea ufunguo pembeni.

"Nashukuru umesema," akaniambia. "Lakini ungesema siku ile. Siku ile nilikuwa nimekaa peke yangu mbele yao."

"Naomba urudi, mama. Wanakutaka."

"Pampu ile ilikuwa ikibadilisha sauti maji yakipungua. Nilikuwa naijua. Nilikaa ndani kwa sababu yako, si kwa sababu ya kikopo." Akanirudishia ufunguo mkononi. "Sirudi, mwanangu. Mwenyezi Mungu akusamehe, na mimi nimekusamehe."

Mwezi ule ule akahamia Mocímboa kwa binti yake. Pampu mpya ilikuja baada ya wiki nyingi, na msimamizi wa sasa ni mwanamume makini ambaye nimemwambia aende kisimani kila alfajiri hata kompyuta ikisema nini. Nilimwandikia mhandisi nikasahihisha ile fomu. Alijibu kwa neno moja, kwamba amepokea.

Nimempigia yule mama mara mbili. Mara zote mbili binti yake ndiye aliyepokea, akasema mama yuko shambani, atafikishiwa salamu.