Bastola Kwenye Mfuko wa Baba

Baba yangu mzazi alininyooshea bastola mchana kweupe, jikoni kwetu, akaniuliza nimemfanya nini mwanawe.

Mwanawe ni mimi. Hana mwingine.

Wanaonijua wananiita Vonnie. Nakata nywele kwenye mji mdogo mashariki mwa Oklahoma, na haya yalinikuta mwaka jana wakati wa mvua. Nayaandika kwa sababu najua kuna mtu anasoma hapa ambaye nyumbani kwake pako kama kwetu palivyokuwa, ila bado hajajua.

Nianze na mzee mwenyewe.

Baba yangu, Merle, amechomelea mabomba ya mafuta maisha yake yote. Mkimya, mbishi, mcheshi akiamua. Na tangu nipate akili, mfuko wake wa kulia wa mbele ulikuwa na bastola ndogo ya risasi tano, ile ya mtutu mfupi, ndani ya ala ya ngozi aliyoishona kwa mkono wake ili umbo lisijichore kwenye suruali.

Kanisani anayo. Sokoni anayo. Siku tunamzika mama alikuwa nayo.

Huku kwetu hilo si la kushangaza. Ukiona suruali ya mzee imelemea upande mmoja unajua tu, halafu unaangalia kwingine. Adabu yake ni isionekane.

Mama alipoondoka nikarudi kuishi na baba. Ndipo nikaanza kuona mambo.

Funguo za gari nazikuta kwenye friji. Anamwita mbwa aliyekufa zamani. Kisha akaanza habari za mtu anayezunguka nyumba.

"Kuna jamaa kapita dirishani," ananiambia.

"Jamaa gani, baba?"

"Ningemjua si ningekutajia jina?"

Nikadhani uzee unamchezea. Lakini haikupita wiki jirani akavunjiwa banda, wakasomba mashine zake zote. Nikajisemea, kumbe mzee haoni maluweluwe.

Nikaenda kwa Dub.

Dub Hargis ana duka la bunduki pale barabara kuu, na ndiye fundi wa kuzitengeneza. Yeye na baba wamekua pamoja. Nikamwambia nataka kitu kidogo, cha kubeba mwilini, mtu asijue.

Nikaona kamoja kadogo kama pakiti ya sigara. Nikakapenda papo hapo.

"Weka chini hako," Dub akasema.

"Kana tatizo gani? Kanaenea kwenye kiganja."

"Hilo ndilo tatizo. Kadogo hivyo kanapiga teke kama punda. Utakajaribu siku moja, utakachukia, kataishia kwenye droo. Na bastola ya kwenye droo inalinda droo."

Akanipa nyingine, nene kidogo, inayojaza mkono. Akahakikisha haina kitu, akaniambia niivae kiunoni na nitembee nayo mle dukani. Kaa. Inama. Nyoosha mkono kama unachukua sahani kabatini.

"Inaonekana?"

"Hapo ulipoinama hadi mchungaji kaiona. Vaa shati pana. Ala chagua ngumu, inayofunika kifyatulio chote. Na usiniambie habari ya kuiweka kwenye begi, Vonnie. Begi utalisahau mahali, mtoto wa mtu atalifungua."

"Sawa."

"Na usichukue inayokupendeza hapa kaunta. Chukua utakayoivumilia mwezi wa saba, joto linakukaanga na mkanda umekubana."

Nikachukua ile. Akanifundisha kupiga kwenye uwanja nyuma ya duka, wiki baada ya wiki, mpaka nikaiva.

Siku naondoka nayo akaniuliza, "Mzee umemwambia?"

"Nimwambie ili iweje? Ataanza kunisimamia kama koplo. Na siku hizi kichwa chake hakijatulia, sitaki ajue kuna nyingine humo ndani."

Dub akachukua kitambaa. Akaanza kufuta kaunta ambayo haikuwa na vumbi.

"Haya," akasema. "Nyumba ni yenu."

Utaniuliza, sasa mbona hukumnyang'anya ya kwake?

Nilijaribu. Nilimwambia, baba, nipe hiyo nikuwekee mahali salama.

"Chukua na suruali," akanijibu. "Zote mbili zinanisitiri."

Akacheka. Nikacheka na mimi, japo roho iliniuma. Nikasema ngoja daktari amwone kwanza. Miadi ikatoka ya mbali.

Sasa siku yenyewe.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, umeme ukakatika saluni, nikafunga mapema. Nilikuwa na koti jipya la mvua, kofia yake imenifunika hadi kwenye nyusi. Mbele ya nyumba palijaa maji, nikazunguka nikaingia kwa mlango wa nyuma, ambao huwa siutumii.

Baba alikuwa jikoni anakoroga maharage. Akasikia hatua, akageuka.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshatoka mfukoni.

"Simama hapohapo."

"Baba, ni mimi."

"Mikono niione. Vonnie yuko wapi?"

"Mimi ndiye Vonnie, baba." Nikavua ile kofia.

Akanitazama usoni. Nilimtafuta mtu ninayemjua kwenye macho yale, sikumpata.

"Vonnie ana miaka tisa," akasema taratibu. "Saa hizi ameshashuka kwenye basi la shule. Wewe mwanamke, umemfanya nini mwanangu?"

Nikajua hapa kimeumana.

Wengi tunadhani ikifika saa kama hiyo utapima, utaamua. Mimi sikupima chochote. Yale mazoezi yote yalikuwa yameingia mwilini, na mwili ukafanya ulichofundishwa. Mkono wa kushoto ukapandisha koti na shati. Wa kulia ukatoka na bastola.

Nikamwelekezea baba yangu kifuani.

Tumesimama hivyo, katikati yetu meza ya chakula.

Kisha akavuta.

Ikalia tak. Kavu, bila moto.

Akavuta tena. Tak.

Kidole changu nacho kilikuwa kimeshafika kwenye kifyatulio na kinarudi nyuma. Hilo nalikumbuka kuliko yote. Nilihisi ule ugumu mdogo unaokuja kabla ya mlio.

Baba hakunitazama tena. Aligeuza kichwa kuelekea vyumbani, akapaza sauti.

"Vonnie, toka kwa mlango wa mbele. Kimbia kwa jirani, usigeuke nyuma. Baba yuko hapa."

Akasogea, akaziba korido kwa mwili wake. Mzee wa watu, bastola yake imegoma, kasimama mbele ya mtutu wangu ili mtoto apate muda wa kukimbia.

Mtoto huyo ni mimi.

Kidole kikalegea chenyewe. Nikaishusha bastola ikaangalia sakafu.

Maharage yakaanza kuungua, na nadhani ile harufu ndiyo iliyomrudisha. Akapepesa macho. Akaniona. Akaona nilichoshika.

"Vonnie," akasema kwa sauti yake ya kila siku, "nani kakufundisha kuweka kidole hapo? Kitoe. Na bastola ya nini ndani ya nyumba?"

Nikaketi sakafuni nikalia. Akaja akanipigapiga bega, akaniuliza kama kuna mtu kanikosea kazini.

Alipotulia kwenye kiti chake na kusinzia, nikamwita jirani akae naye. Nikachukua ile bastola ya mfukoni, nikabeba na yangu, nikaenda kwa Dub. Kichwani nilikuwa na maelezo yangu tayari: risasi za zamani, unyevu umeziharibu, Mungu kaniokoa.

Nikaiweka ya baba kaunta.

"Alinilenga kifuani akavuta mara mbili," nikamwambia Dub. "Risasi zikagoma."

Dub hakuigusa. Alivua miwani akaishika tu.

"Hazikugoma, Vonnie. Hizo ni za bandia, hazina baruti. Na hata zingekuwa za kweli, humo ndani hamna kichuma cha kuzigonga. Nilikitoa mimi."

"Ulikitoa lini?"

"Kabla hujaja kununua ya kwako. Alikuja mwenyewe. Alikuwa amepotea njia ya kanisani, njia aliyopita maisha yake yote. Akaniambia, Dub, itoe roho hii, ila uzito uache ulivyo. Nikamwambia si bora uiache hapa moja kwa moja? Akasema mfuko ukiwa mtupu ataogopa hata kutoka nje."

"Mbona hakuniambia?"

"Unamjua baba yako. Aliona haya. Akanifunga mdomo, nikampa neno langu."

"Kwani alikuwa anaogopa nini hasa?"

Dub akaangalia barabarani.

"Alisema kuna siku Vonnie ataingia mlangoni asimjue."

Nilishika kaunta kwa mikono miwili.

Mzee alikuwa ameliona lile la jikoni kabla halijafika. Akajipanga. Akahakikisha siku hiyo ikija, hata akinitazama akaona mwizi, hawezi kunidhuru.

Kitu kimoja tu hakukijua, kwa sababu nilimficha.

Jikoni siku ile bastola iliyo hai ilikuwa moja, nayo ilikuwa yangu.

"Nilitaka kukwambia siku ile unanunua," Dub akasema. "Limenikaa hapa kooni mpaka leo."

Mtu pekee aliyejua siri ya kila mmoja wetu alikuwa yeye, na alinyamazia kote kuwili kwa heshima. Sikumlaumu. Kumsamehe nako sikuweza, nilikuwa nimeishiwa nguvu.

Yangu niliiacha pale pale na sijaifuata. Ile ya baba nilimrudishia mfukoni kabla hajaamka, na mpaka leo anatembea nayo. Daktari ameshamwona, na alichotuambia ndicho tulichokuwa tukikiogopa. Siku hizi kabla sijaingia ndani naita kutoka nje, "Baba, ni Vonnie."

Kuna siku ananijibu, "Vonnie yupi?"

"Wa kwako," namwambia. Nasubiri aniambie niingie.

Sijaandika haya nikwambie ubebe au usibebe. Hilo ni lako na roho yako. Silaha ifiche mtaani, ifiche kanisani, ila usimfiche mtu mnayelala naye paa moja. Na ukiona kichwa chako au cha mwenzako kimeanza kuyumba, sema mapema, hata kama haya inakukaba. Mimi na baba tulifichana kwa sababu tulipendana, na kwa mapenzi hayohayo nilibakiza kuvuta kidogo tu nimzike.