Sanduku la Dada Nyamizi

Juzi, stesheni ya Tabora, nilimwona binti amekalia sanduku jipya la bati. Harufu ya rangi yake ilinirudisha kijijini kwetu Goweko, alasiri ile mwalimu mkuu alipotusomea majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari.

Dada yangu Nyamizi alikuja kutoka kufunga tumbaku, viganja vikinata utomvu. Sanduku lake la shule baba alikwisha kulinunua. Yakasomwa majina matatu, vigelegele vikapigwa, na jina la Nyamizi sikulisikia. Nilidhani mwalimu amelisahau. Nikamkimbilia kabla hajapanda baiskeli.

“Shikamoo, mwalimu. Umemruka dada Nyamizi.”

“Marahaba.” Aliinama akabonyeza gurudumu, ambalo lilikuwa limejaa upepo. “Sijamruka, mwanangu. Nafasi ndizo hizo tatu.”

Nyumbani nilimkuta mama akimimina maharage ndani ya sanduku.

“Kwani Nyamizi anakwenda shule na maharage?” nikauliza.

“Mjinga wewe!” Nyamizi alicheka, nami nikaamini kwamba amefurahi kubaki. “Utakwenda wewe. Sanduku nitakutunzia.”

Alilitunza kweli, nikasoma nalo hadi chuo kikuu, likinuka maharage. Sasa mimi ndiye mwalimu, na kesho nitawasomea majina manne watoto wa darasa zima. Tangu asubuhi naipitia orodha. Sijamruka mtu. Lakini mtoto akinikimbilia kuniuliza, mimi sina hata baiskeli ya kuinamia.